Daktari Aliniuliza Bibi Yangu Alitoka Wapi

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nashukuru mmenipa kipaza sauti, ingawa mke wangu kaniusia nisikikumbatie. Yuko chumba cha pili na wanawake wenzake, spika wamewekewa, kwa hiyo nikitia chumvi mtamsikia anakohoa.

Jamaa zangu, nitasema mambo ya mwili. Nitasema mkojo, nitasema kibofu, nitasema vitu ambavyo mzee wa makamo yangu hasemi mbele za watu. Atakayeona haya na aangalie zulia. Haya yangu mimi ilikaribia kunizika, nimeshaipa ruhusa iende zake.

Kwa wasionijua: nimezaliwa Unguja mjini, nimelelewa huko, na nimekuja hapa Omani, Ibra, kijana, kwenye mji wa babu yangu mzaa baba ambao nilikuwa nausikia kwa jina tu. Nikapata kazi ya umeme. Nimepanda nguzo kuanzia hapa mpaka karibu na Sur, na nimestaafu na mikono yangu yote miwili, alhamdulillahi. Kiarabu nilijifunzia kazini, na ndiyo maana Kiarabu changu ni cha waya na nguzo. Naweza kubishana na muuza mbuzi sokoni. Naweza kuuliza kama wadi, ule mto wa mvua, limeshuka na njia imefunga. Naweza kutoa taazia msibani nisikosee. Lakini ukiniambia nieleze kwa Kiarabu maumivu yanaanzia wapi na yanaishia wapi, nakuwa bubu. Nyumbani kwetu tunasema Kiswahili. Hata nikiota, watu wa ndotoni wanasema Kiswahili. Naona wenzangu mnacheka, basi mnanifahamu.

Yalianza kidogo kidogo. Nikawa kila saa nataka choo. Njia ya kutoka hapa mpaka Maskati nikaijua kwa vyoo vyake: cha kituo cha petroli, cha msikiti, na pale Bidbid nyuma ya mkahawa, ambapo mwenyewe akiniona naingia hata haulizi kama nataka chai. Wanangu wakidhani baba kapenda kusimama njiani kuangalia watu. Mke wangu hakudhani hivyo. Aliniambia, "Nenda ukapimwe." Nikamwambia ni uzee. Akasema, "Uzee wako umekuja mbio sana."

Halafu kiuno kikaanza kuuma, na kiuno hakina aibu. Kiuno unaweza kukilalamikia hata mbele ya mkweo. Binti yangu wa kwanza, ambaye ni mwalimu hapa mjini na Kiarabu chake ni kama cha redioni, akanichukua kwa gari lake mpaka kliniki. Daktari alikuwa mtu wa heshima, anasema Kiarabu cha haraka. Aliuliza swali refu. Nikamuona binti yangu anainamisha macho.

"Baba, daktari anauliza... unajisikiaje ukienda kule?"

"Kule wapi?"

"Chooni, baba."

Sasa nawauliza nyinyi wanaume wenzangu. Mtoto huyu nimemwogesha mwenyewe alipokuwa mdogo, nimemfundisha kusoma, nimemwozesha. Nimwambie mimi baba yake nasimama msalani mpaka miguu inakufa ganzi na hakitoki kitu? Nimwambie mambo yangu na mama yake yalivyokuwa?

"Mwambie kawaida tu," nikasema.

Akamwambia kawaida.

"Anauliza kama kuna jambo jengine lolote."

"Mwambie kiuno."

Basi kikatibiwa kiuno. Nikapewa vidonge na mafuta ya kuchua, tukarudi nyumbani. Daktari alitibu alichoambiwa. Binti alifasiri alichosikia. Mimi nilisema kile ambacho baba anaweza kusema mbele ya binti yake. Hapakuwa na mtu mbaya mle chumbani, na maradhi yakaendelea na kazi yake miezi kwa miezi.

Yakaja kunishika Idi Kubwa. Siku ile watu wanafukua shuwa, nyama inatoka shimoni inanukia mtaa mzima, wajukuu wanakimbia na sahani, na mimi nimejipinda kwenye mkeka siwezi hata kuitazama. Mkojo umefunga kabisa. Tumbo limekaza kama ngoma. Wakanibeba mpaka hospitali, wakanitia mpira wa mkojo, na ndugu zangu nawaambia, nimekula katika harusi nyingi na nimelala katika mahoteli mazuri, lakini sijapata kuonja raha kama ile ya maji kutoka.

Ndipo damu ikapimwa, nyuso zikabadilika, nikapelekwa Maskati. Huko wakanitoa vinyama kwa sindano, mahali ambapo sitapataja maana nimekwisha kuwachosha. Majibu yalipokuja tulikaa chumbani: daktari mkubwa, binti yangu, na mimi. Wakazungumza. Nikasikia neno *waram*. Binti yangu akanigeukia, sauti yake imekuwa nyembamba.

"Baba, ni uvimbe. Utapigwa sindano, utakuwa mzima."

Uvimbe! Nani hajapata uvimbe? Nikamshukuru daktari, nikapigwa sindano yangu, tukasimama Bidbid tukanunua mishkaki. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha.

Safari iliyofuata nilikaa kwenye viti vya kusubiri pembeni ya mzee mmoja wa upande wa Nizwa, mtu mchangamfu, ana fimbo na kahawa yake kwenye chupa. Akanimiminia. Tukasalimiana, khabari za mvua, khabari za mitende. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza gari lako la mwaka gani, "Na wewe, *saratan* yako iko wapi?"

Ndugu zangu, neno hilo halihitaji mkalimani. Kiarabu saratani, Kiswahili saratani. Nikamwangalia binti yangu aliyekaa mkabala na mimi. Akaanza kulia, na hapo nikajua.

Tukapanda gari kurudi Ibra. Na sikusimama popote.

Nilipofika nyumbani nililala, nikaugeukia ukuta. Kilichoniuma zaidi hakikuwa ugonjwa. Kilichoniuma ni kwamba watu wote nyumbani walijua, hata wajukuu walikuwa wanatembea kwa ncha za vidole, na mimi mwenye mwili nilikuwa nakula mishkaki. Nikajiona nimeshafanyiwa matanga na sikualikwa. Siku ya sindano ikafika, sikwenda. Binti yangu alikuja akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, baba. Kwa Kiarabu nililisikia. Nilipotaka kukwambia kwa Kiswahili, halikutoka."

Masikini mwanangu. Alikuwa amebeba peke yake mzigo usiokuwa wake. Yeye ni mwalimu wa hesabu. Hakuna aliyemfundisha namna ya kumwambia baba yake jambo kama lile. Nikamshika kichwa, nikamwambia sina kinyongo. Lakini hospitali sikutaka kuisikia. Mke wangu akanipikia kila ninachokipenda. Nikawa naonja tu ili asivunjike moyo.

Kisha simu ikalia. Nambari ya Maskati. Nikaipokea ili nimalize maneno.

"Shikamoo, babu."

Nikakaa kitako. Nani hospitali ya Maskati ananipa shikamoo?

"Marahaba," nikasema. "Nani mwenzangu?"

"Mimi daktari. Babu, sindano yako amepita. Kwa nini hukuja? Mimi nataka kuongea na wewe, si na watoto yako."

Alikuwa daktari kijana, watu wake wa Nizwa, kalelewa na bibi yake aliyezaliwa Unguja kama mimi. Kiswahili chake alikipata jikoni kwa bibi huyo na hakikuwahi kutoka nje ya jiko. Ngeli zote zimelala chini. Lakini jamaa zangu, kwa muda wote ule wa kuumwa, hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza daktari kusema na mimi. Si kusema juu yangu mbele yangu. Kusema na mimi.

Nikaenda. Binti yangu alinyanyuka kuingia pamoja nami kama kawaida, daktari akamwambia kwa upole, "Dada, pumzika hapa nje, kunywa chai." Nikauona uso wa mwanangu unavyofunguka. Alikuwa anangoja mtu amwambie hivyo.

Tukafunga mlango. Akaniuliza, "Babu, mkojo yako inatoka kwa nguvu ama inadondoka?"

Siwezi kujizuia, nimelelewa na chuo kikali. Nikamwambia, "Sema: mkojo wako unatoka."

Akasema, "Mkojo wako unatoka?"

Nikamjibu, "Hautoki, mwanangu, ndiyo shida yenyewe."

Tulicheka mpaka muuguzi akafungua mlango kuangalia. Na baada ya kicheko kile nikasema yote. Choo, damu niliyoiona mara mbili nikaikalia kimya, mifupa, mambo ya mume na mke, khofu yangu, yote. Yeye anaandika, mimi nasema. Kila asipokuwa na neno ananionyesha kwenye mchoro, nampa neno la Kiswahili, na yeye ananipa maana yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna kitu kinaitwa tezi dume, kiko chini ya kibofu, kimezunguka njia ya mkojo. Kikivimba, kinaibana. Mimi mtu wa umeme, akinichorea bomba nafahamu.

Nikamuuliza bila kuzunguka, "Nitakufa?"

Akaweka kalamu chini. "Utakufa, babu. Na mimi nitakufa. Lakini hii ugonjwa bado haijaingia kwa mifupa. Ukikubali dawa, mimi nina matumaini kubwa kwa wewe."

Matumaini kubwa kwa wewe! Mwalimu wangu wa Unguja angemchapa. Mimi nilitaka kumbusu kichwa.

Akaniambia dawa zipo namna gani, kila moja ina taabu gani, na kwamba khiari ni yangu. Nilitoka mle ndani naumwa vilevile, lakini nilikuwa mgonjwa mwenye ugonjwa wake. Nikamwambia binti yangu, "Twende tukale." Akajua kwamba baba karudi.

Sindano zikaendelea. Sindano hizo zinazima homoni za kiume, maana ndizo zinazolisha maradhi. Kazi yake nzuri, lakini zilinipa joto. Unakaa zako vizuri, ghafla moto unapanda kutoka kifuani mpaka utosini, jasho linakutiririka, unavua kofia, unavaa kofia. Nikamlalamikia mke wangu. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Sasa umejua," akaniambia. "Mimi nilikuwa nikikuomba uwashe kiyoyozi ukiniambia najidekeza." Sikieni, anakohoa huko. Nimesema kweli, mama, sijatia chumvi.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Siku moja yule daktari kijana alimaliza kazi yake, akasogeza kiti karibu. Akaniuliza, "Babu, mama wa mama yako. Bibi yako. Alitoka wapi?"

Nikahisi damu inanipanda. Nyinyi vijana mliozaliwa hapa huenda hamjui uzito wa swali hilo. Sisi tuliokuja, tuliulizwa sana. *Asli* yako wapi? Na anayeuliza kwa kawaida ameshajipa jibu, anataka tu kukuona unavyolijibu. Nasaba yangu upande wa baba naweza kukusomea, fulani bin fulani, mpaka pumzi iniishe. Lakini bibi yangu mzaa mama hayumo humo. Alikuwa mwanamke wa Kinyamwezi, kutoka bara. Alifika vipi Unguja, nyumbani kwetu watoto hatukuambiwa, na wakubwa hawakuulizana. Ndiye aliyenilea. Mkono wake ndio ulionilisha. Na katika miaka yangu yote ya hapa Omani sikuwahi kumtaja nje ya nyumba yangu.

Nikasimama. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekupa kibofu changu, nimekupa aibu zangu zote. Sasa unataka nini kwa bibi yangu?"

Hakusimama. Akanisubiri. Kisha akasema taratibu, "Babu, bibi yangu mimi, mama yake alikuwa Mmanyema, wa bara pia. Nyumbani kwetu hakuna mtu anasema. Mimi nimejua nikiwa mkubwa. Kaa, tafadhali."

Nikakaa.

Nitawapa maneno yake kwa Kiswahili changu, maana chake kitatuchelewesha. Alisema kwamba vitabu alivyosomea udaktari vimeandikwa kwa miili ya watu wengine, wengi wao Wazungu. Katika nchi nyengine madaktari wameona kwamba wanaume wenye damu ya Kiafrika wanapata maradhi haya zaidi, na mara nyingi yanawaanza mapema. Lakini sisi, watu wa hapa ambao baba zetu wa huku na mama zetu wa kule, nani ametuuliza? Kwenye karatasi za hospitali tumeandikwa Waomani, na Waomani ndio sisi, haki yetu hiyo. Lakini mwili una khabari nyengine ambazo pasipoti haiandiki. Na daktari asiyezijua hajui amwite nani mapema kupimwa.

"Kwa hivyo bibi yangu ndiye aliyenipa maradhi?" nikamuuliza. Na nilikuwa tayari kuondoka tena.

"Hapana, babu. Hakuna mtu amekupa. Sisi bado hatujui, ndiyo maana tunauliza."

Akanieleza kwamba wanafanya utafiti. Wanataka damu kidogo, na ruhusa ya kuvichunguza vile vinyama walivyokwisha kuvitoa, na maswali juu ya ukoo. Majina yatafichwa. Nikikataa, atanitibu vilevile, sindano ileile, tabasamu lilelile. Nikikubali halafu nikajuta, naweza kujitoa. Na akasema jambo lililonifanya nimwamini: "Wewe, babu, huenda hutapata faida. Faida ni kwa watu wa baadaye." Mtu anayetaka kukughilibu hakwambii hivyo.

Sikumjibu siku ile. Nilimweleza mke wangu, aliyenisindikiza safari ile, njiani. Alifikiri mpaka tulipokata njia ya Ibra, kisha akasema, "Bibi yako alikuwa hawezi kumuona mtoto wa jirani anaumwa akakaa. Wewe unamfichia nini?"

Nikarudi. Nikamwambia daktari, andika. Kabila lake hili. Jina lake hili. Nikalitaja jina la bibi yangu katika chumba cha hospitali ya Maskati, kwa sauti. Hakulijua jina lile, la kizamani la bara, akaniomba nimtajie herufi moja moja. Akaliandika, akalisoma kuhakikisha kama kapatia. Nilimsikia mtu mwengine anamwita bibi yangu. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Haya. Daktari akaniambia pia, "Kama una ndugu wa kiume, wapime damu. Wasingoje kuumwa." Ninaye mmoja, mdogo wangu, yuko Sur, ana duka la vipuri vya magari. Nikampigia.

"Njoo upimwe."

"Siumwi, kaka."

"Hata mimi sikuwa naumwa. Nilikuwa nasimama njiani tu."

Akacheka, nikadhani nimempata. Kisha nikamweleza kwa nini, nikamweleza na khabari ya utafiti.

"Umemtaja bibi hospitali?"

"Nimemtaja."

"Kaka, mimi nina mabinti wa kuozesha. Unajua watu wanavyochimba. Miaka yote hii tumekaa vizuri, leo unatutoa nje?" Akakata simu.

Hakunipigia tena kwa muda. Na mimi simlaumu, nasema hivi mbele yenu nyote. Khofu yake ilikuwa na sababu, na wote mliomo humu mnaijua sababu hiyo. Lakini sindano zilipoongezewa mionzi, nilipokuwa nalala chini ya mashine yake Maskati, nikiwa na kibofu kimejaa maji kama walivyoniamrisha, maana mionzi inataka kibofu kijae na huo ndio mtihani ulionitesa kuliko yote, nilikuwa sifikirii mwili wangu. Nilikuwa namfikiria mdogo wangu.

Mionzi ilipokwisha na nguvu ziliporejea, nilikwenda Sur. Mke wangu kaendesha. Nilimkuta dukani, ameshika kichujio cha mafuta anakifuta vumbi ambalo halipo. Tukakaa. Tukazungumza khabari za joto, khabari za bei. Kisha nikamuuliza, "Unakumbuka ulipokuwa na surua?"

Akakiweka chini kile kichujio. "Alinibeba mgongoni wiki nzima," akasema. "Nikilia, anazunguka ua. Mama akimwambia apumzike, hataki."

"Basi yeye ndiye anayekuita," nikamwambia. "Mimi mjumbe tu."

Aliangalia nje, magari yanapita. Baadaye akasema, "Kesho nina mzigo unakuja. Tutakwenda keshokutwa."

Tukaenda pamoja, na safari hii mimi ndiye niliyekaa kiti cha anayemsindikiza mgonjwa. Akapimwa, na saratani alikuwa nayo. Ndogo, imejificha, haijamuuma hata siku moja. Daktari alisema kama angengoja dalili zimjie kama zilivyonijia mimi, mazungumzo yangekuwa mengine. Akafanyiwa operesheni, akarudi dukani kwake. Leo hii ni mzima kuliko mimi, na ubishi wake umerudi wote. Na wale mabinti? Wameshaolewa, mashaallah, harusi mmekuja kula wenyewe, na sikusikia mkwe aliyepita hospitali kuuliza kwanza.

Mimi bado napima damu. Kila nikienda, moyo unagonga mpaka majibu yatoke, siwadanganyi. Mpaka sasa majibu mazuri. Nakula, naswali kwa kusimama, namgombeza mjukuu anayeacha bomba wazi. Mambo mengine hayakurudi kama zamani, na mimi na mke wangu tumeyazungumza, na tunaishi vizuri. Hayo yanatosha kwa spika.

Na kliniki ile ya Maskati si ile tena. Yule kijana aliwakalia wakubwa wake vichwani, wakakubali. Sasa siku ya kliniki yupo mama mmoja wa makamo, Kiswahili chake safi, Kiarabu chake safi, kasomeshwa kazi ya kufasiri, na kwa wanaume yupo mwanamume. Mtoto wako anaweza kukaa nje akanywa chai. Wabaluchi nao wameanza kudai wa lugha yao, na ni haki yao. Pia wametengeneza maelezo ya kusikiliza kwenye simu, kwa sababu wengi wetu Kiswahili chetu tunakisema lakini kusoma macho hayataki. Sauti mnayoisikia humo ni yangu. Daktari alikuwa ameandika, mimi nikarekebisha ngeli. Nimeambiwa bibi mmoja wa Nizwa alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Maelezo nimeyafahamu, lakini mzee huyu mbona kama anagombana?" Nikasema alhamdulillahi, madhali ameyafahamu.

Sasa shukurani. Namshukuru Mungu kwanza na mwisho. Namshukuru mke wangu, aliyeniambia kweli kila siku, hata siku nisiyoitaka. Namshukuru binti yangu, aliyebeba kisichobebeka. Namshukuru yule mzee wa Nizwa wa chupa ya kahawa, ambaye hajui mpaka leo alichonifanyia, na kila nikinywa kahawa namuombea dua. Namshukuru daktari kijana, na namshukuru bibi yake zaidi, aliyekataa kumlea mjukuu kwa lugha moja. Namshukuru mdogo wangu, aliyehofu na akaenda.

Na nitakalowaachia ni hili. Mkimpeleka mzee hospitali, msimsemee. Mtafutieni mtu wa lugha yake, kisha tokeni nje. Na daktari akikuuliza bibi yako alitoka wapi, muulize kwanza anataka kujua kwa nini. Akikupa sababu nzuri, mjibu kwa sauti, usimung'unye maneno. Wale bibi walitulea. Si haki watusaidie mpaka leo na sisi tuwafiche.

Daktari mwenyewe yuko hapa nje, kaja na wauguzi wawili na sindano zao, kipimo ni damu kidogo tu ya mkono. Mimi nimemaliza. Wanaume mliopita arubaini, chumba kiko kushoto. Na nyinyi wanawake mnaonisikia kwenye spika, wenye waume wabishi, hebu simameni mlangoni, asitoke mtu.